Mgomba wa Pili

Jumapili, 1 Machi 2026. Magwagwa.

Miaka kumi na minane na majuma kadhaa tangu nilipotoka nyumbani Kiogoro. Mimi huhesabu kila mwezi unapoanza.

Uji. Dawa ya presha. Redio. Nimepalilia migomba yangu minne nyuma ya nyumba ya kupanga. Mvua bado haijaamua.

Saa nne simu ya Ombati. Ndugu yangu hanipigii Jumapili. Hupiga Sabato jioni, dakika mbili, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Leo amepiga asubuhi. Amesema Evans ameuawa vitani.

Nani kasema? Ujumbe wa sauti umeingia kwenye simu ya Moraa, mama yake. Nani kautuma? Hajui. Evans amekufa lini? Hajui. Mwili uko wapi? Umebaki huko. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akasema tupange mazishi.

Mazishi ya nini?

"Tutakata mgomba, Mwalimu. Si unajua."

Najua. Nimekata simu.

Jumatatu, 2 Machi.

Naandika ninachokijua, nisije nikakichanganya na ninachoambiwa.

Evans ni mjukuu wangu. Miaka ishirini na mitatu. Baba yake, mwanangu Justus, alifariki kwa malaria Evans akiwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka jana mwezi wa nane alikwenda Ulaya ya Mashariki. Wakala mmoja wa Nairobi alimwahidi kazi ya kuendesha lori la ghala. Nilimwambia wakala asiyetaja jina la mwajiri anaficha kitu. Alicheka. "Sokoro, wewe hata kalenda unaishuku." Sokoro ni babu, kwa Kikisii.

Mwezi wa kumi na moja alituma picha. Sare ya jeshi. Theluji mpaka magotini. Alikuwa ametia sahihi karatasi za lugha asiyoijua. Hakukuwa na lori.

Januari alinitumia sauti. Sekunde kumi na nne. "Sokoro, huku ni baridi. Migomba yako haiwezi kumea huku. Usiuze redio, nitarudi."

Hiyo ni sauti yake. Hiyo naiamini. Mengine ni maneno ya watu.

Na kwa nini Ombati ana haraka?

Jumatano, 4 Machi.

Moraa amekuja, kutoka Kiogoro mpaka hapa, na kanga ile ile ya kwenda shambani. Nilimtolea kigoda nje. Yeye ni mke wa mwanangu. Kwa desturi yetu hatupeani mikono, na mimi siwezi kukanyaga ndani ya nyumba yake. Aliketi ameelekeza uso kwenye migomba, mimi mlangoni.

Akaniwekea ile sauti nisikilize. Mwanamume kijana, Kiswahili cha Nairobi. "Mama Evans, pole sana. Evans ameenda. Tulikuwa naye. Mwili hatukuweza." Basi. Jina hakutaja.

Halafu picha ya orodha ya waliouawa, iliyopigwa chapa. Nimevaa miwani nikaisoma mara tatu. Jina ni lake. Mwaka wa kuzaliwa si wake. Wameandika 1999. Evans alizaliwa 2002. Kosa la miaka mitatu si dogo. Nikamwambia huyu ni mtu mwingine, au orodha imetungwa na mtu asiyemjua.

"Tata," yaani baba, akasema bila kunitazama, "unasahihisha?"

Nilivua miwani.

Kila jioni anakwenda kuketi barabarani, mahali Evans alipopandia gari siku ya safari. Watu wameanza kumpita kwa mbali. "Nataka mahali pa kulilia ambapo si barabarani," alisema. "Ombati anasema bila ruhusa yako hawawezi."

Kumbe hawawezi. Mimi ndiye baba wa baba yake.

Sitatoa.

Alhamisi, 5 Machi.

Kuna sababu. Niiandike mara moja, kwa utaratibu.

Mwaka ule wa vurugu za baada ya uchaguzi nilikuwa mwalimu kule Bonde la Ufa, na shamba langu la ekari tatu. Nyumba ikachomwa. Mimi na marehemu mke wangu Nyaboke tulipotezana njiani. Yeye akafika nyumbani kwanza. Mimi nikakaa majuma sita kwenye uwanja wa kanisa moja, bila simu, na homa. Mtu akamwambia Ombati kwamba ameiona nyumba yangu ikiteketea nami nikiwa ndani. Alisema ameniona kwa macho yake. Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana hazuiliwi kupumzika. Hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukazikwa kama yeye. Walinivika koti langu la harusi. Yaani waliuvika mgomba.

Siku ya nne ya matanga nikaingia kwa miguu.

Wanawake walipiga mayowe. Ombati aliruka ua, na siku hizo alikuwa na kitambi. Watu wazima wote wakakimbia. Akabaki mtoto mmoja wa miaka mitano, Evans. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akaja, akanipokea mfuko. Nikamwomba chai.

Evans husimulia kwamba niliomba ugali. Nimemsahihisha mara nyingi. Ilikuwa chai.

Wazee wakasema: umekwisha kuzikwa. Mgomba ufukuliwe, mbuzi achinjwe, nawe uingie kwa nyuma, kupitia shambani, si kwa lango. Nikasema mimi ni Msabato na nimesoma vitabu vya kutosha. Nitaingia kwa lango kama nilivyotoka. Wakakataa. Nami nikakataa. Nikaja kupanga hapa Magwagwa. Nyaboke akanifuata. Alipofariki walimzika nyumbani, nami nikasimama barabarani mpaka udongo ulipokwisha. Vijana wa Kiogoro huniita Marehemu. Nami huitika.

Kwa hiyo najua thamani ya shahidi wa Ombati aliyeona kwa macho yake. Mimi ni mtu aliyezikwa kwa ushahidi wa namna hiyo. Yule mtoto pekee aliyeona kwamba niko hai, sasa wanataka nimzike vivyo hivyo.

Ijumaa, 6 Machi.

Nyamira, kwa rafiki yangu aliyestaafu kutoka ofisi ya serikali. Nilitaka kujua kama chifu wa Kiogoro anaweza kuzuia mazishi. Tukampigia simu hapo hapo.

Chifu alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, kibali cha kuzika ni cha mwili. Mgomba hauhitaji kibali." Rafiki yangu akageukia dirishani ili nisimwone anacheka.

Nikampigia mchungaji. Yeye anapinga mgomba. Anasema ni upagani. Yuko tayari kwa ibada ya kumbukumbu, picha juu ya meza. Nikamuuliza: ibada ya mtu gani, aliyekufa? Akasema, "Ndiyo, Mwalimu, aliyekufa." Kumbe naye ameshamzika. Tofauti yao ni mti tu.

Sabato, 7 Machi.

Sikuenda kanisani. Nimefikiri.

Shamba la baba yetu liligawanywa mawili, la Ombati na langu. Langu analilima Moraa. Mrithi ni Evans, hana ndugu. Evans akizikwa, uzao wangu umekwisha. Ombati ana wana wanne na ardhi haiongezeki.

Sitaki kufikiri hivi juu ya mtu tuliyenyonya titi moja. Lakini nafikiri hivyo. Niandike ukweli: nimefikiri hivyo tangu siku nilipoliona kaburi langu.

Jumatatu, 9 Machi.

Ombati amekuja mwenyewe. Mara ya tatu katika miaka kumi na minane. Amekonda. Kitambi kimekwisha.

Wametaja siku: Alhamisi ya juma lijalo, tarehe kumi na tisa. Nikamuuliza ametaja kwa ruhusa ya nani.

"Ya Moraa. Hali chakula, Mwalimu. Unajua au unasoma tu?"

Nikamwambia mwaka ule alikuwa na haraka, na sasa ana haraka. Nikamuuliza nini kinampa haraka.

Aliweka chini mfuko aliokuja nao. Halafu akasema aliyekuwa na haraka mwaka ule si yeye. Alikuwa mama yetu. Alikuwa anakufa, na alitaka kuonyeshwa mahali nilipolala kabla hajaondoka. "Ulitaka nimwambie asubiri?"

Mama alikufa mwezi uliofuata. Hilo najua. Hilo la kuonyeshwa mahali sikulijua. Au niliambiwa nikaona ni kisingizio.

"Na wewe umekaa hapa," akasema, "saa moja tu kwa gari, unatupa adhabu. Nyaboke ulimwacha aingie peke yake."

Nilimwambia aondoke. Aliondoka. Aliacha mfuko wa ndizi za kupika. Nimezipa majirani.

Jumatano, 11 Machi.

Nimekwenda Kiogoro. Sikuingia. Nilisimama barabarani, mahali pangu.

Mpaka kati ya shamba la Ombati na langu ni mti wa msanduku. Nilihesabu mistari ya chai kutoka kwenye mti. Mistari yake miwili imeingia kwangu. Nilihesabu tena kurudi nyuma. Miwili.

Basi sikukosea kumshuku.

Nilitarajia nitafurahi. Sikufurahi.

Saa kumi na moja Moraa akaja na kuketi ukingoni mwa barabara, hatua kama thelathini kutoka nilipokuwa. Hakuniona, au heshima ilimzuia kuniona. Magari yakisimama anainua kichwa. Yakiondoka anakiinamisha. Nilihesabu magari tisa. Sikuweza kumwendea. Hakuna desturi inayonizuia kuketi barabarani na mke wa mwanangu kwa umbali wa heshima. Sikuweza tu.

Ijumaa, 13 Machi.

Nimesikiliza sekunde kumi na nne. Nimesikiliza tena. Nyuma ya sauti yake kuna mtu anakohoa. Sikuwahi kumsikia kabla.

Jumapili, 15 Machi.

Amekuja.

Moraa aliandikia ile namba iliyotuma sauti kila siku mpaka ikajibu. Ni kijana wa Keroka, jina lake Onsongo. Alirudi majuma mawili yaliyopita. Mkono wa kulia hauna vidole vitatu. Moraa alimleta mpaka kwenye uzio, akakaa nje. Kijana nikamwingiza ndani.

Anakohoa.

Sikumpa chai kwanza. Aibu yangu. Nilimkalisha kama mtahiniwa.

Evans aliandika kwa mkono gani? Kushoto. Hilo hata wakala angelijua. Alikuwa na kovu wapi? Kwenye paja, la sepetu. Alisema walikuwa wakilala wote kwenye shimo moja, hakuna asichokijua. Basi nikamtega. Nikasema, "Bila shaka aliwafariji kwa nyimbo. Alikuwa sauti ya nne ya kwaya yetu, hodari kabisa."

Kijana akanitazama. Aliona haya kumpinga mzee.

"Evans? Mzee, samahani. Evans akiimba hata mbwa wanatoka. Tulimpiga marufuku."

Ni kweli. Kwaya ya kanisa ilimpa kazi ya kubeba vitabu vya nyimbo ili asiimbe.

Niliendelea kumtazama. Mtu anaweza kubahatisha. Hapo ndipo akaniuliza, kwa woga, "Wewe ndiye Marehemu?"

Nikasema mimi ndiye.

Akaanza kucheka, halafu akazuia kicheko kwa ule mkono. "Alitusimulia mpaka tukakariri. Vile babu yake alizikwa, halafu akatembea mpaka kwa matanga yake mwenyewe, watu wakaruka ua, na yeye akasema, nipeni ugali."

Ugali.

Nilikuwa nimekataa orodha kwa sababu ya kosa. Hili nalo ni kosa, na hakuna mtu mwingine duniani anayelikosea hivyo. Hata Ombati husema chai. Hata Moraa. Evans peke yake ndiye aliyesema ugali.

Nikamwomba aniambie ilivyokuwa. Aliniambia. Ndege ndogo isiyo na rubani. Evans alikuwa mbele yake hatua kumi, amebeba maji. Nikauliza kama alimgusa. Hapana. Nikauliza basi alihakikishaje.

"Mzee," akasema, "hakukuwa na kitu cha kuhakikisha."

Nje, Moraa alikuwa amesimama. Alikuwa ameshayasikia yote kabla hajamleta. Alikuja ili niyasikie mimi.

Nikampikia kijana chai. Nilimwaga maziwa. Akayafuta yeye.

Jumatatu, 16 Machi.

Hakuna cha kuandika.

Jumanne, 17 Machi.

Nimemshuku Ombati, wakala, orodha, chifu, mchungaji, sauti ya mgeni. Wakala bado namshuku. Nimempa Onsongo karatasi aandike yote anayoyakumbuka juu yake, majina na tarehe, nayapeleka Nyamira baada ya Alhamisi. Wengine niliwashuku kwa sababu kila niliyemshuku alimwongezea Evans siku moja ya kuishi.

Nimempigia Ombati. Nimesema nitakuja. Akauliza kwa lango? Nikasema kwa nyuma.

"Mbuzi ninaye," akasema.

Alhamisi, 19 Machi. Kiogoro.

Nimechoka. Nitaandika machache.

Niliingia kwa nyuma, kupitia shambani, nimeshika panga. Mbuzi alichinjwa. Mchungaji aligeuza uso, lakini alikuja. Kaburi langu walilifukua. Mgomba ulikwisha kuoza zamani, udongo mweusi tu, mlaini, na vifungo vitatu vya koti. Lile koti lilikuwa na vinne. Niliuliza cha nne kiko wapi. Watu walicheka, nami nikacheka, na mara nikawa ninalia. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Sasa ni mzima huyu."

Mgomba niliuchagua mwenyewe. Kwa kijana ambaye hajaoa nilitaka ambao haujazaa. Nilipima kwa mwili wangu. Evans alinizidi kichwa kimoja, kwa hiyo niliukata ukanizidi kichwa kimoja. Onsongo alishika upande wa juu kwa mkono mzima. Ni mzito kuliko nilivyofikiri. Una maji mengi. Moraa alileta sweta ya Evans ya shule ya upili, na jaketi. Nikauvika, mikono ya sweta ikining'inia mitupu, kisha nikaikunja kifuani. Kushoto juu ya kulia.

Nilitaka azikwe kwenye shimo langu, kwa kuwa liko wazi. Ombati akakataa. Shimo la mtu ni la mtu. Likafukiwa, naye akachimbiwa lake pembeni mwa nyumba ya mama yake.

Wakati wa kurudishia udongo nilisimama karibu na Ombati. Nikamwambia polepole, mistari miwili ya chai.

"Mitatu, Mwalimu," akasema, macho chini. "Ulihesabu ukiwa barabarani."

Nikasema tutazungumza.

"Tutazungumza."

Kisha akanipa sepetu.

Jumapili, 22 Machi. Kiogoro.

Mvua imenyesha. Udongo wa kaburi umeshuka kidogo katikati. Ombati anasema ni kawaida, utaongezwa.

Nimelala siku tatu kwenye nyumba ya marehemu mama yangu. Paa linavuja sehemu mbili. Redio nimeileta.

Asubuhi Moraa aliweka uji mlangoni, akabisha, akaondoka kabla sijafungua. Baadaye nilimwona ameketi kando ya kaburi, miguu ameinyoosha, anachambua mboga. Alichambua zote. Akainuka, akaenda kupika. Jana jioni hakwenda barabarani.

Nimesikiliza sekunde kumi na nne. Namfahamu sasa anayekohoa.

Evans hatarudi.